Sabasaba ipi unayoizungumzia? Tarehe moja, historia kibao

Mpwa wangu yuko darasa la sita, na likizo ile ya katikati ya 2025 walipewa kazi ya nyumbani ya mstari mmoja tu, eleza tukio moja la kihistoria lililotokea tarehe 7 Julai. Mtoto akachukua simu ya mama yake akalitupia swali kwenye grupu la ukoo, tena siku yenyewe, Jumatatu asubuhi, watu wengi bado tuko kitandani maana ni sikukuu. Nimeamka nakuta meseji arobaini na kitu.

Shangazi wa Temeke ndo alikuwa wa kwanza kujibu, Sabasaba ni maonesho mwanangu andika maonesho, na mchana jiandae tunakwenda. Babu akamkatisha hapohapo, wewe unamfundisha nini mtoto, Sabasaba ni siku TANU ilipozaliwa, 1954. Dada yetu aliyeolewa Nairobi akaandika kwa ufupi kwamba kwao Saba Saba ni maandamano, barabara za kuingia tao, yaani mjini kati, zimefungwa na polisi na yeye hatoki nyumbani leo. Bamdogo aliyeko London akatuma picha ya nguzo za chuma zimesimama kwenye majani, akaandika "leo miaka 20". Mama wa mtoto, ambaye ni mwalimu, akaja na bango la Siku ya Kiswahili Duniani lenye maua pembeni.

Mtoto akauliza, sasa niandike ipi? Hakuna aliyemjibu, wakubwa wakaanza kubishana wao kwa wao.

Nimeona nilifungue hili fundo hapa maana sio mtoto peke yake anayechanganyikiwa, kila mwaka ikifika hiyo siku mtandaoni Watanzania wanapost picha za mabanda na mishkaki, Wakenya wanapost mabomu ya machozi, na kila upande unamshangaa mwenzake. Na wote wako sahihi, bamdogo pia yuko sahihi. Ila kuna kitu kimoja watu hawakitenganishi, nacho ndo kinaleta vurugu yote: kuna tukio ambalo limeiangukia tarehe tu, lingeweza kutokea jana yake au kesho yake na isingebadilisha kitu, halafu kuna tukio ambalo watu wamekaa chini wakaichagua ile tarehe kwa sababu ilishakuwa na jina. Ukivitenganisha hivyo viwili unaanza kuona kumbe Sabasaba zinashikana mikono, sio zote lakini nyingi.

Tuanze na ya babu, maana ndo mama wa zile nyingine za huku kwetu.

Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam. Kulikuwa na chama kinaitwa TAA, Tanganyika African Association, mizizi yake ni African Association iliyoanza 1929, na wakati huo kilikuwa kinafanya mkutano wake pale ofisini kwao New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ni pua na mdomo na Kariakoo. TAA haikuwa chama cha siasa hasa, ilikuwa zaidi ya umoja wa kusaidiana na kupeleka malalamiko kwa wakoloni kwa adabu. Kina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, John Rupia, Tewa Said Tewa, Saadan Kandoro, Germano Pacha na wenzao, pamoja na rais wao aliyekuwa mwalimu wa sekondari kule Pugu, kijana wa miaka 32 anaitwa Julius Nyerere, wakaamua TAA iishie pale na kizaliwe chama cha kudai uhuru waziwazi, ndo TANU. Waasisi wanaohesabiwa ni 17. Picha yao ile ya pamoja karibu kila Mtanzania ameshawahi kuiona ukutani mahali, ofisi ya kijiji au shuleni, hata kama hawezi kutaja majina matano.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilishawapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Sasa fikiria, Waafrika wenye elimu wakati ule wengi waliajiriwa wapi? Serikalini. Kwa hiyo kundi kubwa la wasomi lilifungwa mikono kwa waraka tu. Nyerere alikuwa anafundisha shule ya misheni, ndo maana aliweza kubaki mbele, na hata yeye 1955 ilibidi aache kazi baada ya kurudi kutoka New York alikokwenda kuzungumza Umoja wa Mataifa, akakaa bila mshahara.

Je tarehe 7 mwezi wa 7 waliichagua kwa sababu inapendeza mdomoni? Hapana, mkutano uliangukia hapo, lakini jina likanasa, na hapa kiswahili chenyewe kimechangia sana. Sisi hatusemi "Julai" kwenye maongezi ya kawaida, tunasema mwezi wa saba. Kwa hiyo tarehe saba mwezi wa saba inajiita yenyewe, Sabasaba, huhitaji kamati ya kutafuta jina. Mzee asiyejua kusoma anaikumbuka, mtoto anaikumbuka, unaweza kuipiga ngoma. Jaribu kufanya hivyo na tarehe 9 Desemba, "tisa kumi na mbili", haiendi popote, ndo maana hiyo tunaiita tu Siku ya Uhuru. Na uzuri mwingine wa 7/7 haina ugomvi wa Mmarekani na dunia nzima kuhusu kipi kinaanza, siku au mwezi. Ile 9/11 yao huku kwetu mtu angeisoma tarehe tisa Novemba. Sabasaba isome kutoka kulia, kushoto, ni ileile.

(Wapwani wa zamani wangebisha kidogo hapa, maana kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu jinsi ilivyozoeleka pwani, unaanza kuhesabu baada ya Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Sita ambao ndo wa Maulidi, halafu Mfungo Saba. Kwa hesabu hiyo mwezi wa saba sio Julai na kila mwaka unarudi nyuma siku kama kumi na moja. Kwa hiyo hata "saba" ya pili kwenye Sabasaba ni ya kalenda moja tu kati ya zile tulizonazo.)

Haya, baada ya uhuru Sabasaba ikawa sikukuu ya taifa, siku ya chama, na ikatambulika pia kama siku ya wakulima. Sasa ikaja 1977, mwaka ambao nadhani ndo ufunguo wa hii hadithi yote.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP (Afro-Shirazi Party) ya Zanzibar zikaungana, ikazaliwa CCM. Angalia tarehe waliyochagua. ASP ilizaliwa 5 Februari 1957, kwa hiyo walikuwa wanatimiza miaka 20 kamili, na Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, miaka kumi kamili. Hiyo sio bahati, hiyo ni kalenda imepangwa na watu wanaojua wanachofanya. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba chama kikapata siku mpya ya kuzaliwa, na Sabasaba ikabaki kama nyumba ambayo mwenyewe amehama. Sikukuu bado ipo, watu bado wanapumzika, ila mwenye shughuli hayupo. Na nyumba tupu mjini haikai wazi muda mrefu.

Mwaka huohuo 1977 ndo unaanza kuhesabiwa yale maonesho ya biashara ya kimataifa ya Dar es Salaam. Ukitaka kuhakikisha piga hesabu mwenyewe, ya 2025 yalitangazwa kuwa ya 49, rudi nyuma mwaka mmoja mmoja utafika 1977. Taratibu maonesho yakaimeza siku. Baadae siku ya wakulima nayo ikahamishiwa tarehe 8 mwezi wa 8, Nane Nane, ikabaki biashara peke yake. Leo ukimwambia dereva wa daladala au bodaboda "nishushe Sabasaba" hawezi kukuuliza ipi, anajua ni pale viwanjani Barabara ya Kilwa, Temeke, viwanja ambavyo rasmi vina jina la Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo Mwalimu yupo palepale, kwenye geti, ila watu wanapita chini ya jina lake wakiwa na haraka ya kuwahi banda la majiko ya gesi.

Kama hujawahi kwenda, maonesho kwa kawaida yanaanza tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai na siku yenyewe ya Sabasaba ndo balaa. Vumbi, jua, spika za mabanda matatu zinapiga miziki mitatu tofauti sehemu moja, mtu wa kwenye maiki anatangaza mtoto amepotea amevaa fulana nyekundu na watoto wenye fulana nyekundu hapo ulipo wako kumi na tano. Akina mama wanatoka na mifuko ya vyombo vya plastiki kichwani utasema wanahama. Shangazi yangu kila mwaka anasema mwaka huu naenda kuangalia tu. Mtoto aliyezaliwa miaka ya tisini Dar akikuambia Sabasaba ni maonesho sio kwamba hajui historia, ni kwamba hiyo ndo Sabasaba aliyoikuta ipo.

Sasa tuvuke Namanga.

Kenya mwaka 1990 ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria, tangu 1982 walipoingiza kifungu cha 2A kwenye katiba kinachosema KANU ndo chama pekee. Kura za mchujo za uchaguzi wa 1988 zilifanyika kwa mlolongo, yaani wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya mgombea wao mchana kweupe, na zikawepo sehemu ambazo mwenye foleni fupi ndo alitangazwa mshindi, watu wameona kwa macho yao. Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, alijiuzulu Desemba ya mwaka huo. Mei 1990 yeye na Charles Rubia, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, wakaitisha waandishi wa habari wakasema wazi kwamba wanataka vyama vingi, na baadae wakaitisha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ya Rais Moi ikakataa kutoa kibali. Tarehe 4 wote wawili wakakamatwa wakawekwa kizuizini bila kesi, na Raila Odinga naye akachukuliwa siku hizohizo.

Jumamosi ikafika, walioitisha mkutano wako ndani, na watu wakaja hivyohivyo. Kamukunji kwa asiyeijua iko mashariki ya tao, jirani na Gikomba, sehemu ya mafundi wa jua kali, kuanzia asubuhi ni nyundo juu ya bati tu, masufuria, karai, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Watu walikuja wakinyoosha vidole viwili juu, maana saluti ya KANU ilikuwa kidole kimoja, kwa hiyo kidole cha pili kilikuwa ni hoja nzima bila kufungua mdomo. Polisi wakaja na marungu, gesi na risasi. Fujo zikaenea nje ya Nairobi mpaka miji kama Nakuru, zikachukua siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 walikufa na zaidi ya 1,000 walikamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na afya yake haikurudi tena kama mwanzo mpaka anafariki 2018.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na Desemba 1992 Kenya ikapiga kura ya vyama vingi. Moi alishinda, Matiba akawa wa pili. Na neno kamukunji nalo likatoka uwanjani likaingia kwenye kamusi ya siasa, siku hizi hata wabunge wakikutana kikao kisicho rasmi wanasema wana kamukunji.

Hapa kuna kitu nakipenda sana kwa upande wa lugha. Jina Sabasaba mwaka 1990 lilikuwa limeshatumika miaka 36 kwa jirani, tena kama siku ya chama kilichokuja kuwa chama pekee. Wakenya wamelipokea jina lilelile, herufi zilezile ingawa mara nyingi wanaliandika mbalimbali, Saba Saba, wakalijaza maana iliyo kinyume kabisa: siku ya kukataa chama kimoja. Upande mmoja wa mpaka siku hiyo serikali inafungua mageti watu waingie, upande wa pili serikali inafunga barabara watu wasiingie.

Na kuanzia hapo Saba Saba ya Kenya ikawa ya kuchaguliwa kwa makusudi. 2014 upinzani wa CORD ukaitisha mkutano wake Uhuru Park siku hiyo. 2023 Raila akarudi Kamukunji yenyewe kupinga kodi na kukusanya saini. Na 2025 ikawa zamu ya vijana, siku kumi na mbili baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni, na ndo siku ambayo dada yetu alikuwa amejifungia ndani. Kesho yake Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikataja vifo 31. Kwenye grupu letu dada alinyamaza tangu saa nane mchana, shangazi akawa anampigia kutoka maonesho kelele za spika nyuma hasikii chochote, na usiku ndo dada akaandika "tuko salama, watoto wamelala". Sijui kama niliwahi kuona hizo Sabasaba mbili zikigongana hivyo kwenye skrini moja.

Vijana wa 2025 wengi walikuwa hawajazaliwa 1990. Hawakuwa wanaikumbuka ile siku, wameikuta, kama watoto wa Dar walivyoyakuta maonesho. Mtu akisema "tukutane Saba Saba" hahitaji kueleza kwa nini, tarehe yenyewe imeshabeba madai. Nadhani serikali nazo zinalijua hilo ndo maana vizuizi vinawekwa alfajiri kabla hata mtu hajafika.

Ya mama wa mtoto sasa, Siku ya Kiswahili Duniani. Hii ni ya juzi tu na ni mfano safi kabisa wa tarehe ya kuchagua. Novemba 2021 mkutano mkuu wa UNESCO kule Paris ulipitisha kwamba tarehe 7 Julai kila mwaka iwe siku ya Kiswahili, ikaanza kuadhimishwa 2022, na Julai mosi 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Ni lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku na shirika hilo. Kwa nini tarehe 7 na sio nyingine? Wamerudi kulekule kwa babu, 1954, kwamba TANU chini ya Nyerere ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Ukiangalia ni kweli, nchi yenye makabila zaidi ya 120 huwezi kuizunguka ukihutubia kila kijiji kwa lugha yake, na Kiingereza kilikuwa cha wachache. Kwa hiyo ile nyumba iliyohamwa 1977 na kupangishwa wafanyabiashara, imepata mpangaji wa pili ambaye kusema kweli ana hati ya zamani kuliko wa kwanza.

Kuna Sabasaba nyingine ndogo ambayo hutajwa pamoja na hiyo na watu wengi wanaipita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikufa 1977, ndio, mwaka uleule tena, mali zikagawanywa, ndege, reli, kila mtu na chake. Mkataba wa kuifufua ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Tanzania, Kenya na Uganda, lakini mkataba kusainiwa sio mkataba kufanya kazi, lazima kwanza kila nchi iuridhie. Ulianza kufanya kazi rasmi tarehe 7 Julai 2000. Na Uganda kwa utani wa kalenda baraza lao la mawaziri lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi tarehe 5 Julai 2022, siku mbili tu kabla ya ile Siku ya Kiswahili ya kwanza kabisa. Hiyo mimi siwezi kuiita bahati mbaya.

Sasa ya bamdogo. London, Alhamisi tarehe 7 Julai 2005. Jana yake tu jiji lilikuwa limeshinda kuandaa Olimpiki ya 2012, watu wameamka na furaha. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi mabomu matatu yakalipuka kwenye treni za chini ya ardhi karibu wakati mmoja, na saa nne kasoro kidogo la nne likalipuka kwenye basi namba 30 pale Tavistock Square. Watu 52 walikufa ukiacha walipuaji wenyewe wanne, mamia walijeruhiwa. Zile nguzo za chuma kwenye picha ya bamdogo ziko Hyde Park, ziko 52, moja kwa kila mtu. Waingereza wanaiita seven seven, yaani ukiitafsiri neno kwa neno ni Sabasaba, lakini haina undugu wowote na za kwetu, ni jina tu limefanana.

Na hawako peke yao. Wachina nao wana Sabasaba yao na wanaiita hivyohivyo, qi qi, saba saba. Hii nataka nikae nayo kidogo kwa sababu ni ya ajabu na huku kwetu hatufundishwi vizuri. Usiku wa tarehe 7 Julai 1937, karibu na Beijing, wanajeshi wa Japani walikuwa wanafanya mazoezi ya usiku jirani na daraja la zamani la mawe linaitwa Lugou, Wazungu wanaliita daraja la Marco Polo. Japani ilikuwa na askari maeneo yale kwa mkataba wa tangu 1901, kwa hiyo kuwepo kwao tu ilikuwa kidonda kwa Wachina. Gizani zikasikika risasi. Wajapani kuhesabiana wakakuta askari mmoja hayupo. Wakataka waruhusiwe kuingia mji wa Wanping kumtafuta, Wachina wakakataa. Askari mwenyewe kumbe alirudi kikosini muda si mrefu, mzima, lakini magari yalishaanza kusogezwa na wakubwa walishaanza kubishana, na kabla hakujakucha vizuri wakaanza kupigana. Hayo mapigano hayakusimama mpaka 1945. Miaka minane, mamilioni ya watu wamekufa. Sababu za kweli bila shaka zilikuwa kubwa kuliko askari mmoja, Japani ilishaimega Manchuria tangu 1931 na ilikuwa inatafuta zaidi, ila mlango wenyewe ulifunguliwa na mtu aliyepotea kwa muda mfupi halafu akaonekana.

Na wakati huohuo Japani yenyewe tarehe 7 Julai ni sikukuu ya Tanabata, watu wanaandika maombi yao kwenye vikaratasi vya rangi wanavifunga kwenye matawi ya mianzi.

Visiwa vya Solomon vilipata uhuru siku hiyo 1978. Tarehe 7 Julai 2007, yaani 7/7/07, saba tatu zimefuatana, watu duniani walikimbilia kufunga ndoa, na Lisbon siku hiyohiyo wakatangaza maajabu mapya saba ya dunia, hao nao hawakuangukia hapo, waliipania.

Mtu atauliza, sasa inakuwaje siku moja imebeba yote hayo, hakuna siri hapo? Hakuna bana. Siku za mwaka ni 365, na tangu watu waanze kuandika historia matukio makubwa ni maelfu kwa maelfu, lazima yarundikane, kila siku ya kalenda ina mrundikano wake. Kuna hesabu moja maarufu inawashangaza wengi: ukikusanya watu 23 tu ndani ya chumba, nafasi ya wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa inazidi nusu. Ishirini na tatu, wanajaa kwenye Hiace moja na wachache wamesimama! Marais wawili wa zamani wa Marekani, Adams na Jefferson, walifariki siku moja, tena tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili ya uhuru wao, na watu wa wakati huo wakaona ni mkono wa Mungu. Inawezekana, lakini kalenda nayo inaweza kufanya hivyo bila kusaidiwa.

Tofauti ni kwamba bahati haimwambii mtu aende Kamukunji mwaka 2025. Daraja la Lugou na basi namba 30 hazijuani kabisa. Lakini New Street 1954, Kamukunji, maonesho ya Temeke na bango la UNESCO hizo zinajuana, hata kama zinasalimiana kwa shingo upande, kwa sababu kila anayekuja anaikuta tarehe imeshapashwa moto na mwingine, naye anaweka sufuria yake juu.

Jioni nilimpigia mpwa wangu nikamweleza yote haya kama nilivyowaeleza nyinyi, karibu dakika arobaini, nikijua kabisa ataandika TANU maana babu yuko pembeni yake na fimbo ya maneno. Kesho yake mama yake akanitumia picha ya daftari. Ameandika ya Wachina. Nikamuuliza kwa nini, akasema darasani wako sitini na kitu, wote wataandika TANU. Halafu akaniuliza kama yule askari aliporudi bosi wake alimchapa.